Tatu Juu ya Tano

Kaka Didier,

Mwaka umepita tangu tukuzike, na bado unanichosha. Binti yako Grâce ameleta fomu ya shule: wiki nzima ya kuteleza kwenye theluji, darasa lote. Mama yake amekataa hata kuishika. Amenisukumia mimi, shangazi mtu, niamue. Iko mezani hapa ugenini, Auderghem, karibu na viatu vyako vya theluji ambavyo hakuna anayethubutu kuvitupa.

Kwani nani alikutuma? Mtoto wa Lubumbashi, mtu wa kuvaa jozi mbili za soksi kwenda soko la Flagey, ukafuatana na wenzako wa kazini hadi milima ya Norway inayoshuka baharini. Asubuhi ile ulinitumia picha ya taarifa ya theluji. Hatari ya maporomoko: tatu juu ya tano. Chini yake ukaandika: "Trois sur cinq, ni soixante pour cent. Donc tumepita, hapana?"

Eti asilimia sitini, tumepita. Ni kweli, nyumbani tulichinja mbuzi kwa cinquante-quatre yako, hamsini na nne kwa mia, ya diplôme d'État, mtihani wa kumaliza sekondari. Lakini ule haukuwa mtihani, Didier. Siku hizi nasoma taarifa hizo kabla ya chai, nimekuwa mtaalamu kwa ajili ya upuuzi wako. Tatu maana yake mtu mmoja anaweza kuubomoa mteremko mzima kwa uzito wake. Na karibu na bahari hali hugeuka upesi: usiku mvua, asubuhi baridi kali, halafu upepo unarundika theluji mpya juu ya tabaka lisiloshika. Yote yaliandikwa chini ya ile namba. Hukusoma. Mchana theluji ikakatika, ikakufunika.

Mimi pia sikusoma. Hilo sijamwambia mtu. Nilicheka peke yangu jikoni, nikakupongeza kama mtu aliyefaulu: "Félicitations, grand."

Jana Grâce alinionyesha taarifa ya milima wanakokwenda. Ameisoma yote, mpaka maandishi madogo. "Tantine, kama ni trois, mwalimu anasema tutabakia chini." Alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Nilikasirika, kisha nikalia, kisha nikatafuta kalamu.

Nimetia saini. Atanitumia namba kila asubuhi, na nakuahidi, safari hii nitasoma mpaka mwisho ndipo nijibu.

Pumzika, kaka.

Solange