Bibi wa Nani?

Shoga, uko? Nimeaibika kwenye lango la shule hadi sasa masikio yanawaka.

Unajua tangu nije huku ugenini kwa binti yangu, mimi ndiye ninayemchukua mjukuu. Leo kulikuwa na mwalimu mpya. Kumbe, kama binti yangu alivyonieleza baadaye, alimuuliza mtoto kwa lugha yao, "Huyu ni nani wako?" Mtoto akamjibu kwa lugha hiyohiyo, "Ni mke wangu."

Mke wangu! Miaka sita, shoga, meno ya mbele hana!

Kosa ni la baba yake. Kutwa anamwita binti yangu "bibi yangu, chai", "bibi yangu, funguo ziko wapi". Mtoto akashika kuwa bibi ni mke. Na mimi je, si bibi?

Mwalimu akanigeukia, akauliza kitu. Mimi lugha yao najua neno moja tu, ndiyo. Nikasema ndiyo. Akarudia polepole. Nikasema ndiyo, na tabasamu juu.

Shoga, lango likafungwa! Mtoto ndani, mimi nje na koti lake la mvua mkononi.

Ikabidi binti yangu apigiwe simu kazini. Akacheka mpaka akashindwa kueleza. Mwalimu akadhani analia, akazidi kuogopa.

Mwishowe wakaelewana, mtoto akatolewa. Mwalimu akamnong'oneza, naye akaja kunitafsiria:

"Bibi, mwalimu anauliza, babu ana habari?"

Nikamwambia, "Mwambie hana. Na wewe usije ukamwambia!"