Redio Iliyoshonewa Nguo Kabla Haijafika

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Basi mwambie Baba asiuze ng'ombe wake, yule mtamba, kwa ajili ya redio mpya, Mama. Hata kama yule mnunuzi amesharudi na kamba mkononi, mwambieni akae kwanza anywe chai mpaka barua hii isomwe yote. Bei ya redio mliyoisikia huko Mumias ndiyo hiyo hiyo tuliyokuwa tukiisikia hapa, na mimi sasa najua ilikotoka. Ilitoka kwenye sindano yangu.

Naona nimeanza na mtamba kabla ya salamu. Nisamehe, ni uchovu. Nakushika miguu, Mama. Na miguu ya Baba naishika polepole, maana ndiyo inayomuuma. Uliponiandikia kwamba tangu mfungo mosi hatoki tena nje, anashinda kitandani akiitazama redio yake isiyosema na kuuliza Saada anakuja lini, niliikunja barua nikaiweka chini ya mto, na kila nikilala naisikia inavyolia. Sisi wazima. Mavyaa yangu Bi Mwanaisha, mamake Abdalla, ni mzima, anakusalimu sana. Na Abdalla, mume wangu, ni mzima ila amechoka. Mume wangu. Niache niliandike tena neno hilo, Mama, bado kalamu yangu haijalizoea. Mume wangu amechoka, na mimi nimechoka pamoja naye, na hata kuchoka kwenyewe nakupenda kwa kuwa tunachoka wawili.

Unajua kwamba tulipomaliza fungate, zile siku saba ambazo mimi ningependa ziwe saba nyingine na nyingine tena, Abdalla aliniahidi kunileta nyumbani. Bwana Hasanali, mwenye duka la redio anakofanyia kazi, alikuwa amekubali kumpa ruhusa. Halafu ikaja habari ya redio mpya iliyo njiani kwa meli, na Bwana Hasanali akageuza maneno. Alimwambia, "Fundi haendi popote mpaka redio ziteremke, zifunguliwe, ziuzwe. Zikishauzwa nenda hata Uganda." Tangu siku hiyo safari yangu ya kumwona Baba ikawa imefungwa ndani ya sanduku lililo baharini, na hakuna aliyejua sanduku lenyewe lina nini.

Lakini kila mtu alisema anajua. Nyumba yetu ina baraza ya mawe mbele ya mlango, na kwa kuwa Abdalla ni fundi wa duka lile, wanaume wa mtaa waliona hapo ndipo pa kungojea habari. Kila alasiri wanakaa. Mkubwa wao ni Mzee Mbwana, aliyekuwa karani wa forodhani zamani, na mpaka leo huzungumza kama kwamba kila meli inayoingia Kilindini lazima imwombe yeye idhini. Alisema redio hiyo haina zile taa za kioo ndani, haihitaji kungoja zipate moto, na itaishika Kairo mchana kweupe. Mwingine akasema si redio tu, ina na gramafoni tumboni. Mwingine akasema itaonyesha na picha, akachekwa mpaka akanyamaza. Ikaja habari ya mawe ya tochi: inakula mangapi, na yatadumu muda gani. Kisha bei. Hakuna aliyetaja shilingi, wote walipima kwa vitu. Huyu aliona haipungui baiskeli, yule aliona ni cherehani ya miguu, nao wakibishana kwa sauti kama watu wanaogawana mirathi.

Mimi nikipika kahawa. Mama, nimepika kahawa mwezi huu kuliko nilivyopata kupika maishani. Moshi wa makaa umeniingia machoni, na joto la huku halina mfano, ukuta wenyewe unatoka jasho. Siku moja nilimwambia mavyaa kwamba pengine tukiwanyima kahawa watakwenda zao. Akaniangalia kwa huruma. "Wape, mwanangu," akasema. "Wakiondoka hapa watakwenda kusema barazani kwa jirani, na sisi hatutasikia kitu."

Na Abdalla ndiye aliyekuwa akipata taabu zaidi. Akitoka dukani, ambako kutwa nzima ameulizwa bei, anakutana na baraza na kuulizwa bei tena. Akisema hajui, wanamkonyeza. Anaingia ndani mikono ina alama za moto wa kuunganishia waya, anakaa mkekani, namwekea sahani, na kabla sijamletea maji ameshasinzia na tonge mkononi. Namtazama. Unaweza kusema nimerukwa na akili, lakini namtazama tu, namna nyusi zake zinavyotulia, na najiambia kwamba huyu ndiye aliyetumwa na duka huko Mumias, akaja kwetu kufungua redio ya Baba, akasema taa yake moja imekufa na hakuna nyingine ya kutia, halafu akarudi kesho kuitazama tena, na kesho kutwa, mpaka wewe ukamwambia Baba kwamba kijana huyu haangalii redio.

Sasa nikueleze habari ya sindano.

Hapa Mombasa redio haikai uchi. Inashonewa kitambaa chake, kinadariziwa maua, kinatiwa marembo pembeni, na nyumba ambayo redio yake haina kitambaa watu huisema. Bwana Hasanali alipojua meli imekaribia, akapata wazo kwamba redio ya kwanza aiweke dukani ikiwa imefunikwa, kisha aifunue mbele ya watu, kama vile bi harusi anavyotolewa nje. Akamwomba Abdalla kazi hiyo niifanye mimi, kwa kuwa alikuwa amesikia nadarizi vizuri. Wa kushukuriwa hapo ni shangazi Hadija, aliyenifundisha. Kipimo Bwana Hasanali akaleta cha uzi. Lakini yeye mwenyewe redio hajaiona. Aliona tu kwamba kitu kinachosemwa mji mzima hakiwezi kuwa kidogo kuliko redio ya zamani iliyoko dukani, basi akaipima ile ya zamani, akaukata uzi, akauleta.

Nikashona. Kitambaa cheupe, maua ya waridi na majani, na pembeni nikatia ushanga. Nilikuwa nikidarizi dirishani kwa ajili ya mwanga. Mavyaa alikipenda sana, akakitwaa siku moja kumwonyesha jirani wa ng'ambo, na wanawake hawa wawili wakakipima kwa shibiri, wakashangaa. Hawakusema ubaya wowote. Walisema tu redio hii ni jitu.

Kabla ya magharibi baraza ilikuwa na habari zote. Mzee Mbwana aliuliza shibiri ngapi, akafumba macho, akaijenga redio kichwani mwake. Kwa upana ule, gramafoni imo. Kwa kina kile, mawe ya tochi yanakaa safu mbili. Na kwa uzito wa vyote hivyo, akahukumu, ni bei ya baiskeli mbili na kitu juu. "Meli inamletea Hasanali kitu ambacho yeye mwenyewe hataweza kukinunua," alisema. Nafikiri madereva wa malori pale Makupa ndio walioipeleka habari huko bara, maana barua yako ilipofika na habari ya mtamba, bei ilikuwa ni hiyo hiyo, haijapungua hata njiani.

Ikawa hasara. Watu waliokwisha kumwambia Bwana Hasanali awawekee redio, wakaanza kupita dukani mmoja mmoja kujitoa. Huyu mkewe ni mgonjwa, huyu amekumbuka kwamba paa lake linavuja. Bwana Hasanali akamwita Abdalla akamwuliza nani ametangaza bei, na hali yeye mwenyewe hajaijua. Abdalla akamjibu kweli, kwamba hakuna aliyetangaza, watu wamepima kitambaa.

"Wamepima kitambaa?" akauliza Bwana Hasanali. Kisha akasema, "Zikinidodea redio hizi, habari ya ruhusa usinitajie tena mwaka huu."

Abdalla alinieleza huku akinawa mikono. Nilikwenda jikoni kukata vitunguu ambavyo havikuwa vinahitajika. Nilikuwa nikimfikiria Baba, na hayo maneno ya mwaka huu, na nani ajuaye mwaka una nini. Nikarudi nikamwuliza mume wangu kama nikifumue, nikipunguze, nikitie moto. Akakichukua kitambaa akakitandaza magotini.

"Endelea kudarizi," akasema. "Hata ikiwa redio mbaya, itakuwa imevaa vizuri."

Unaona mwanaume huyu, Mama? Unaona?

Meli ilifunga gati, na masanduku yakaja kwa mkokoteni, hamali wakiyavuta toka Kilindini na watu wa mtaa nyuma yao. Bwana Hasanali alikuwa ameshatangaza kwamba Ijumaa, watu wakitoka msikitini, ataifunua, naye si mtu wa kurudi nyuma. Mimi na mavyaa tulikuwa ghorofani kwa jirani, ng'ambo ya duka, tumejifunika buibui tunachungulia. Abdalla alifungua sanduku ndani, mlango umefungwa, akaiweka redio juu ya meza na kitambaa changu juu yake. Mlango ulipofunguliwa niliona kitambaa kimelala. Kimelala kabisa, Mama, kama hema lililong'olewa mti wake, katikati kuna kinundu tu.

Watu wakatazamana. Mzee Mbwana, aliye mbele, akasema, "Hasanali, mbona bi harusi katoroka?"

Bwana Hasanali akakivuta kitambaa. Na pale mezani kulikuwa na kijisanduku unachoweza kukishika kwa mkono mmoja, kina mpini kama kikapu cha mtoto.

Mzee Mbwana akainama, akaizunguka meza, akatazama na chini yake. "Huyu mtoto nimemwona," akasema. "Mama yake yuko wapi?"

Duka lote likaangua kicheko. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimemshika mavyaa mkono, nikiona Baba anakwenda mbali nami kwa kila aliyecheka. Ndipo Abdalla akanyoosha mkono akageuza kifundo. Haikungoja kupashwa moto, haikukoroma. Sauti ilitoka papo hapo, ya mtu anasoma habari, safi kama kwamba yuko uani anazungumza na jamaa zake. Kicheko kikakatika. Akageuza tena, na Kairo ikaja, mchana, qasida na vinanda vyake. Mzee mmoja akavua kofia akaivaa tena.

"Bei?" Mzee Mbwana akauliza, polepole.

Bwana Hasanali akaitaja.

"Baiskeli moja haifiki?"

"Haifiki."

Kila mmoja alikuwa amejiandaa kukataa baiskeli mbili na kitu juu. Kisha wakasukumana. Yule mwenye paa linalovuja ndiye wa kwanza kufika mezani, na yule wa mke mgonjwa nyuma yake, wakimlaumu Bwana Hasanali kwamba walimwomba awawekee tangu mwanzo. Bei ambayo ingewatisha wote kama wangeisikia siku ya kwanza, sasa waliiona ni sadaka. Na Mzee Mbwana, redio yake tayari kwapani, akageuka akawaambia wenzake, "Mimi nilisema ni ndogo." Hakuna aliyembishia, Mama. Nafikiri hata yeye anaamini.

Siku hiyo na jana Abdalla hakukaa. Kila aliyenunua anamtaka aje nyumbani amwonyeshe wapi pa kugeuza, na akienda hupewa kahawa, basi sasa kahawa inamrudia yeye. Kwa hiyo tumechoka, sikufichi, miguu yake imevimba na macho yangu bado mekundu kwa moshi. Lakini masanduku ni matupu, na leo asubuhi Bwana Hasanali alimwita. Alimwambia ampeleke mke wake akamwone babake, na kitambaa kile anirudishie, kwa kuwa hakuna redio mpya itakayokijaza.

Sasa sikiliza lililobaki, umsomee Baba taratibu. Ile redio ya zamani ya dukani, iliyopimwa kwa uzi, ni sawa na ya Baba, pacha wake. Hakuna tena anayeitaka, Bwana Hasanali amemwambia Abdalla aivunje achukue vya kumfaa. Ile taa iliyokufa kwenye redio ya Baba, Abdalla ametoa humo nyingine kama hiyo, nzima, ameifunga ndani ya leso yangu na pamba, na hairuhusu hata mavyaa kuigusa. Baba na asiuze mtamba wake, wala asiililie redio ya Mombasa. Redio yake itasema, na nguo ya kuivisha nimeshaishona bila kujua ni yake, imepimwa kwa mwili wake hasa.

Nisalimie kaka Musa mshona viatu, mwambie shemeji yake anavaa vile viatu mpaka dukani. Shangazi Hadija, aliyenishikisha sindano, mbusu mikono. Mwalimu wangu wa chuoni aniombee safari njema, na dada Zainabu anyonyeshe kwa raha, namletea mtoto kofia. Baba mwambie anipishe nafasi pale kitandani, pembeni, nilipokuwa nikikaa.

Mimi bintiyo mchovu na mwenye furaha, Saada, mke wa Abdalla. Weka maji ya kuoga, Mama, tutakuwa na vumbi la gari moshi. Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha.