Shangazi Wanayemcheka Kitabuni

Flemingdon Park, Toronto
Mwezi wa tatu, na theluji bado haijatuacha

Dada yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumaini goti limetulia, na yule jogoo wa jirani uliyemlalamikia amekwisha kuwa mchuzi. Sisi huku wazima. Mama Zuhura anakusalimu, na ameniagiza nikwambie kwamba nimenenepa. Basi nimekwambia mwenyewe. Koti nililoolea halifungi tena.

Barua hii anakuletea Mwajuma, binti wa fundi cherehani wa pale sokoni, anakuja likizo. Pamoja nayo utakuta kitabu. Usishtuke. Ni riwaya ya Kihindi, ya mapenzi na vichekesho, kwa Kiingereza chepesi, na wewe uliyetufundisha Kiingereza kwa fimbo hutashindwa. Huku kila mtu anaisoma. Ndani ya basi la Don Mills nimewaona wanawake wawili wameishika, mmoja mbele mmoja nyuma, wanacheka kwa zamu.

Aliyenipa ni Zuhura. "Baba, soma hiki, utacheka," aliniambia kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia chote lakini kukijibu anaona uvivu. Kweli nilicheka. Nilicheka mpaka mzee aliyekaa ubavuni kwangu akahama kiti.

Kisa chenyewe: msichana ni binti wa mwuza halua, na kijana aliyempenda ni daktari wa meno. Hapo tu mwandishi keshakukamata. Kila wakwe wakija, yule baba hasemi ndiyo wala hapana. Anawajazia sahani, anaanza habari za bei ya sukari. Sasa baba huyu ana dada yake, mama mnene mwenye kikapu, na mwandishi kamfanya kichekesho cha kitabu kizima. Mara anakwama mlangoni, mara sinia linamwangukia.

Maoni yangu ni haya. Mwandishi ni fundi wa kuchekesha, sikatai, na daktari wa meno anayekula halua kwa siri ili ampendeze mkwe alinitoa machozi. Lakini shangazi kamwonea. Anaingia mara ya kwanza ukurasa wa arobaini, anatua kikapu chake, anauliza, "Na binti mwenyewe anasemaje?" Hakuna anayemjibu! Wanamcheka, kisha wanalia na kukimbizana vituo vya treni mpaka mwisho wa kitabu. Laiti wangemketisha yule mama wakamsikiliza, riwaya ingekwisha palepale. Labda ndiyo sababu hawakumsikiliza. Mwandishi naye anataka kula.

Nikamwambia Zuhura kitabu nimekimaliza, nikamsifia. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nimeielewa Jumapili moja baadaye, walipokuja wageni kutoka Thornhill.

Walikuwa kijana anayeitwa Imran, wazazi wake, na bibi yake, Bi Sakina. Ni Wahindi wa kwetu, Dada. Bi Sakina kazaliwa Tanga, Ngamiani, na Kiswahili alichoondoka nacho hajakipunguza hata neno. Lifti ilikuwa imeharibika, kama desturi yake, wakapanda ngazi zote, Imran kamshika bibi kwa mkono mmoja na kwa mwingine kabeba gunia la mchele la mama Zuhura alilolikuta chini. Mimi niko sebuleni nimevaa lile koti, sipumui.

"Baba Zuhura," akasema Bi Sakina, "tumekuja na neno. Mjukuu wangu amependa hapa kwenu."

Nikamjibu vilevile marehemu Baba alivyojibu ulipoposwa wewe. "Bi Sakina, neno nimelipokea. Lakini mtoto ana shangazi yake, yuko Muheza. Mimi hapa sina mdomo. Haya, karibuni sambusa."

Baba Imran akamtazama mkewe. Imran akainamisha kichwa. Zuhura akaondoka, akaenda jikoni. Aliyefurahi ni mmoja tu.

"Hasa!" Bi Sakina akapiga paja. "Ungenikubalia leo leo, ningesema huyu binti hana watu. Nyie mbona mmenuna? Kuleni!" Na yeye akachukua sambusa ya pili.

Wageni walipoondoka nikamfuata Zuhura jikoni.

"Umemkataa," akasema.

"Sijamkataa."

"Hukusema ndiyo."

"Kusema ndiyo si kazi yangu. Ni ya shangazi yako."

"Shangazi hajawahi hata kumwona Imran! Baba, unafikiri kwa nini nilikupa kile kitabu? Yule mwuza halua ni wewe! Umewajazia sambusa, ukaanza bei ya unga!"

Dada, kweli nilikuwa nimeanza bei ya unga.

Tangu siku hiyo ananisalimu kama karani wa benki. Mama Zuhura ananiambia kijana amekata tamaa, ameanza kumuuliza Zuhura kama si afadhali waende wakafunge ndoa ya serikali wawili peke yao, yaishe. Hilo ndilo linaloniuma. Si kwamba nitakosa pilau.

Utauliza msikiti gani. Ni wa Mashia wa Thornhill, siyo ninaosali mimi. Siku ile alasiri tulisali pamoja hapahapa sebuleni, kila mmoja na anavyoweka mikono yake, na zulia halikulalamika. Mimi kijana nimempenda. Lakini mdomo wa nyumba hii ni wewe, na sikukuachia kazi hiyo kwa sababu ya desturi tu. Mtoto huyu huku ana baba, mama, na lifti mbovu. Akigombana na mumewe, atampigia nani simu? Nataka awe na mtu wa kumlilia asiye mimi, na mtu huyo awe ndiye aliyemtoa.

Najua uliwahi kusema jambo la mtoto wa kike halisemwi kwenye simu kama bei ya mchele. Ndiyo maana nimeandika. Lakini jibu naomba lipande simu, na umpigie yeye, si mimi. Muulize lile swali, binti mwenyewe anasemaje. Mhoji na kijana utakavyo, na Bi Sakina naye ana hamu ya kukuuliza habari za Tanga. Ukiona hafai, sema hafai. Nitanung'unika, lakini nitakusikia.

Msalimie shemeji, mwambie betri za redio yake zimo kwenye mzigo wa Mwajuma. Msalimie mama mdogo wa Maramba anayeniombea dua nipungue, na ustadhi aliyenifundisha kusoma, na mtoto wako wa mwisho, mwambie mjomba hajamsahau.

Na kitabu, soma taratibu, miwani yako ikiwa safi. Ukurasa wa arobaini nimeukunja kona. Ukifika hapo, kiweke chini, uchukue simu.

Ndimi mdogo wako, mwuza halua wa Flemingdon,

Athumani