Kompyuta Imepona, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi, kikohozi kimemwachia? Baba mwili wake hauna neno, anakula ukimsimamia. Mimi nipo, nasukuma siku. Simu nimeikwepa makusudi, maana kila nikikupigia baba husogeza kiti karibu, anataka kusikia kama bado unaikumbuka ahadi yako ya kuja kuitazama kompyuta. Hajui kwamba nakuandikia.

Habari ya ile video unaijua. Mama alijirekodi mwenyewe kwenye chumba chake cha kushonea, mlango kaufunga, baba akiwa safarini na lori. Aliniambia kwamba yale aliyoshindwa kumwambia baba ana kwa ana ameyaweka mle, ayafungue akirudi. Baba alirudi tumeshamzika. Tulipoifungua tulimwona mama anaongea, anacheka kidogo, anafuta macho, lakini sauti hakuna.

Basi hangaiko likaanzia hapo. Yule jirani tunayemwita Injinia, ambaye maisha yake yote ametengeneza redio, alichomoa waya wa spika akaujaribisha kila tundu lililoko nyuma ya kompyuta, mpaka kipanya nacho kikazima. Akatangaza kwamba spika zimekufa. Baba akanunua nyingine, zikawaka taa na kunyamaza. Akaja fundi wa dukani, mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Alifuta programu ya sauti, akaiweka upya, akasema tatizo ni uzee wa mashine. Baba akamjibu kwamba uzee si ugonjwa, mbona yeye ni mzee na anasikia.

Juzi baba alipokwenda kupimwa presha, nikakaa nayo mwenyewe. Nilibofya ile alama ndogo ya spika pembeni, nikaona jambo ambalo mafundi wetu wote wamelipita: kompyuta ilikuwa inaipeleka sauti kwenye skrini. Skrini ya zamani iliungua baada ya msiba, kabla baba hajarudi, mjomba akatuletea hii nyingine, na ilipochomekwa tu kompyuta ikadhani ina spika ndani. Haina. Nikachagua spika za mezani, nikafungua wimbo. Kaka, madirisha yalitetemeka! Nikapiga kigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha nikafungua ya mama. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikasikia mvumo wa spika tu. Nikarudi kwenye wimbo, unaimba vizuri. Nikarudi kwa mama, kimya.

Ndipo nikautazama mwanzo wa video kwa makini. Unakumbuka alivyokuwa akizungumza na wateja kwenye kompyuta huku cherehani inaunguruma: anafunga maiki kwa kile kitufe cha kwenye waya wa hedifoni, na akitaka kusema anabonyeza tena. Vidole vyake vilishazoea kubonyeza kabla mdomo haujafunguka. Siku ile hakuwa na nguvu za kushona, maiki ilikuwa wazi tangu mwanzo. Akabonyeza. Kijitaa chekundu, kile cha kuonyesha maiki imefungwa, kikawaka kwenye waya, naye akaanza kusema yote ya moyoni. Hakuna neno lililoingia, kaka, hata moja. Nimejaribu kumsoma midomo, nimepata "maji" tu, na pengine alikuwa na kiu. Siku zote tulizodhani kompyuta ni mbovu ndizo tulizokuwa na matumaini, ila hatukujua.

Sasa sikia nililolifanya, na unihukumu utakavyo. Niliposikia baba anafungua geti, niliirudisha sauti kwenye skrini, nikamwambia bado inakataa. Akasema haidhuru, kaka yako akija ataipata, yule hajawahi kushindwa na mashine. Kila jioni anaitazama vivyo hivyo bila sauti. Kuna mahali mama anatikisa kichwa, na baba huniuliza kama kule ni kumkatalia au ni kumhurumia. Anasema hata kama mama anamlaumu kwa kwenda safari ile, yeye anataka kusikia tu. Nikimwambia ukweli, swali hilo atakwenda nalo kaburini. Nisipomwambia, ataendelea kusubiri kitu ambacho hakipo. Nimelipima huku na huku, sioni pa kushika.

Atakukalisha mbele ya hiyo kompyuta kabla hujavua viatu. Nakuomba uifungue, uchomoe waya, ujikune kichwa, kisha ushindwe. Najua fundi kama wewe haambiwi neno kama hilo, na mbele ya baba tena, lakini sina mwingine wa kumwomba.

Nisalimie wifi, na wanao uwaambie shangazi yao anawakumbuka sana. Baba anahesabu siku. Kama likizo yako inaweza kuahirishwa, iahirishe.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba