Huyo Mchumba wa Freighter

Nyumba ya Tatu,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo wako unaendeleaje? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila goti langu la kukanyagia cherehani linalia kama bawaba kavu. Simu yako haipatikani wiki ya pili sasa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mpwa wako amepata mchumba. Usishangilie kwanza.

Anasema yeye ni baharia, anafanya kazi kwenye freighter. Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Ati meli ya mizigo! Sasa kwa nini asiseme meli ya mizigo tangu mwanzo? Mtu akikutolea Kiingereza sebuleni kwako, shika mkoba wako vizuri.

Nikaenda kwa jirani yetu, yule mwalimu mstaafu mwenye kamusi nene kama tofali. Akasema neno hilo asili yake ni kwa Waholanzi wa zamani na majirani zao, nalo lilihusu ujira wa kukodi chombo cha kubebea shehena. Waingereza walipolichukua, freighter kwanza alikuwa mtu, yule anayepakia au kukodi. Meli yenyewe ilikuja kuitwa hivyo miaka mingi baadaye. Nilikwenda na shaka moja, nikarudi na tatu. Labda huyu bwana anakaa ofisini tu akigonga mihuri, bahari anaionea dirishani!

Basi nikamwalika chakula Jumapili, nimchunguze. Nilitandika kile kitambaa cheupe nilichokitarizi mwenyewe. Kabla sijapakua, bwana mkubwa akachukua glasi ya maji, akayamwaga juu ya kitambaa, akayasambaza kwa kiganja kona hadi kona, huku anazungumza na mpwa wako kama hakuna lililotokea. Halafu akashtuka, akaanza kuomba radhi. Radhi ya nini? Nikamwonyesha mlango. Mtu na akili zake halowanishi meza ya mama mkwe.

Jana nikamsimulia mwalimu, akacheka mpaka akavua miwani. Ati bahari ikichafuka, watu wa meli hulowesha kitambaa ili sahani zisiteleze, na mkono ukishazoea hufanya hivyo hata nchi kavu. Mimi naye simwamini sana, kwa sababu mpwa wako alinitangulia kwake asubuhi. Wamepanga wale, nawajua.

Wewe uliyepika melini miaka kumi na mmoja, niambie: ni kweli?

Mtoto hasemi na mimi. Anashona vifungo, mgongo amenigeuzia. Huyo bwana anaondoka tarehe thelathini, na kabla ya hapo anataka jibu la posa. Nimesema ng'o, mpaka mjomba wake atamke. Wakioana, atahamia kwao, safari ya siku tatu kutoka hapa.

Nikuambie ukweli, maana wewe ni damu yangu. Akiwa mwongo, mtoto atalia wiki mbili, halafu atabaki nami. Akiwa mkweli, atakwenda. Wewe pia ulisema unakwenda safari moja tu. Mpwa wako alikuwa hajaota meno, leo anaposwa. Nimechoka kuwapenda watu kwa barua.

Mwalimu anakusalimu, na mama muuza mkaa bado anauliza kama umenenepa. Nisalimie wifi, na kitinda mimba wako mwambie shangazi yake anamshonea gauni kwa kukisia.

Jibu likiwa hapana, niandikie mimi. Likiwa ndiyo, mwandikie mpwa wako mwenyewe, jina lake juu ya bahasha, uipeleke kwa anwani ya mwalimu. Hiyo ikipita mikononi mwangu, sijiamini.

Mungu akuweke mpaka tuonane kwa macho.

Wako akupendaye,
Dada yako.