Pijo Isiyo na Klachi

Jumamosi, 1 Juni 2024 – Sindeni

Shule tumefunga jana. Leo Pijo, gari kuukuu la baba, imetoka nyuma ya nyumba. Miaka kumi na sita imesimama pale, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma! Lori la Fuso limeibeba hadi Korogwe, gereji ya Sadala. Baba alisimama uani na fimbo yake mpaka vumbi likatulia. Chai hakunywa.

Nimemwambia inatengenezwa. Sijamwambia inatengenezwaje.

Jumatatu, 3 Juni

Nimemwambia. Injini ya Pijo imekufa na vipuri hata Dar hakuna. Sadala amepata Mark II iliyogongwa nyuma, injini nzima – silinda sita, pamoja na gia yake ya otomatiki. Baba akasukuma sahani ya ugali. Miaka ishirini na sita alikuwa fundi mkuu wa gereji ya shamba la mkonge. Sadala mwenyewe alishika spana ya kwanza mbele yake. Akasema Pijo 404 ina silinda nne, na aliyeiunda hakusahau mbili. Na gari lisilo na klachi ni kitanda chenye magurudumu.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mguu sikuutaja. Tangu kiharusi cha mwaka jana anauburuta ule wa kushoto, na humu ndani hakuna anayeutaja. Hajaenda hata Handeni kwa kinyozi wake. Daktari alisema macho na mikono imerudi vizuri, mguu ndio asiutegemee. Klachi inakanyagwa na mguu wa kushoto. Mimi ni mwalimu wa hesabu – hesabu hiyo niliimaliza palepale hospitalini.

Alhamisi, 6 Juni

Sadala kapiga simu. Injini haiingii. Silinda sita mstari mmoja, ndefu kuliko nafasi yake. Lazima akate ule ukuta wa bati ulio mbele ya miguu ya dereva, na hawezi kuweka grainda kwenye gari la mtu aliyemfundisha kazi bila ruhusa yake. Nikambembeleza. Hapana, mwalimu, hapana.

Nimempa baba habari. Amezima redio, akaingia kulala. Saa kumi na moja jioni!

Ijumaa, 7 Juni

Mbuzi wa jirani wameingia kwenye mihogo ya baba, hakuwafukuza.

Jumamosi, 8 Juni – Korogwe

Asubuhi nimemkuta amevaa koti lake la kaki, la kazini. Akasema twende akaone wanavyoiua.

Tumepanda basi. Sadala akamwamkia, akamletea kiti. Kiti kakikataa. Aliizunguka injini ile nusu saa nzima, akaigonga kwa fimbo, akanusa oili. Halafu akaomba chaki. Akamwonyesha Sadala kwamba pale alipotaka kukata angeharibu egemeo la usukani. Akachora mstari wake mwenyewe, vidole vinne kushoto. Mstari ulinyooka kama wa rula.

Baadaye tumekaa kwa mama ntilie. Akamimina chai kwenye kisosi.

"Ni kwa sababu ya mguu, siyo?"

"Ndiyo, baba."

"Ungesema tangu mwanzo."

"Ungekubali?"

Akanywa chai yote ya kisosi. "Hapana."

Jumatano, 19 Juni

Siku hizi anakwenda Korogwe kila baada ya siku moja. Namfungia chapati nne, mbili za Sadala. Injini imekaa. Propela, ule mhimili wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, wameifupisha; difu yake imetoka kwenye pikapu kuukuu. Kwenye nyaya wamegombana – hizi za kompyuta baba hazijui, kwa hiyo sasa Sadala ndiye anayefundisha. Jana karudi na daftari, amechora nyaya zote, kila moja na rangi yake. Ameazima kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Sidhani kama itarudi.

Wenzo wa gia mpya uko sakafuni, kati ya viti. Wenzo wa zamani, ule wa kwenye usukani, hauongozi kitu tena, lakini kakataza usitolewe. Anasema mkono utauulizia.

Ijumaa, 28 Juni

Imewaka! Kwa jaribio la nne. Haikohoi kama ile ya zamani – inanguruma chinichini, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Baba aliweka kiganja juu ya boneti, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akamwambia Sadala, "Hongera, fundi."

Sadala ana miaka hamsini na nne na siku zote baba humwita kijana. Akaingia stoo kutafuta kitambaa. Alikitafuta sana.

Jumapili, 30 Juni – Sindeni, saa kumi na nusu jioni

Sadala kaileta mwenyewe alasiri; pikipiki yake ya kurudia rafiki yake kaileta kwa pikapu, kaishusha na kuondoka. Tulikubaliana wote watatu: baba ajaribu uwanja wa shule tu, mimi niwe pembeni yake, barabarani baadaye.

Mizunguko miwili. Taratibu, safi kabisa. Mguu wa kushoto umelala zake, hana shida nao. Akasimama. Akaniomba nishuke niangalie kama nyuma inatoa moshi. Nikashuka, nikainama. Moshi hakuna. Nikainuka kumwambia – gari linaondoka!

Hakukimbiza. Amewasha indiketa, akaangalia kulia na kushoto, akaingia barabara ya Handeni, kule kwa kinyozi wake. Simu yake ninayo mimi, kwenye mkoba, pamoja na daftari hili.

Nimekaa kwenye jiwe la lango. Sadala ameshika ufunguo wa pikipiki, ananiuliza tumfuate. Nimemwambia tumpe dakika tano. Zimebaki mbili. Jioni imetulia, mlio tunausikia bado, kule kwenye kilima. Umeshuka kidogo – gia imejibadili yenyewe. Sasa unapanda tena.

"Hajageuza," Sadala anasema.

Nimemwambia aketi. Ameketi, lakini ufunguo hajauweka mfukoni, na mimi saa siitazami tena.