Vistari Vyekundu kwenye Kompyuta ya Baba

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, meno yameshatoka yote au bado wanatafuna kila kinachopita mbele yao? Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini akishatembea mpaka dukani na kurudi yanalainika. Mimi nipo na cherehani yangu. Sare za shule zimenibana tangu mwezi uliopita, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Niwie radhi.

Barua yako tuliipata. Umeuliza kama Baba amekususa, maana kila ukipiga simu anamrudishia Mama bila neno. Tena umeuliza kama ununue kompyuta mpya uilete, kwa kuwa nilikwambia ile uliyotuachia inakwenda kama konokono. Hajakususa, na kompyuta mpya hatuitaki. Ngoja nikueleze yote, maana yamefungamana.

Kile kiharusi unakijua, ila hatukukwambia kwamba tangu hapo Baba hana sauti ya kueleweka wala mkono wa kulia. Yule mama wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kusema alituambia tusimlazimishe kuongea, tumpe kibodi aandike kwa mkono wa kushoto. Tukafurahi. Mtu aliyesahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na moja, nani atamweza kwa herufi? Tukaiweka kompyuta yako kwenye meza ya dirishani, nikamvutia kiti.

Ilichukua dakika kumi na mbili kuwaka. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani. Baba alikaa anaitazama kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Na ilipowaka, ukibonyeza herufi unaweza kupiga chafya mbili kabla haijatokea. Siku ya kwanza aliandika mstari mmoja, akautazama sana, akaufuta. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alikataa kukaa. Aliugeukia ukuta, na wiki nzima hakutaka hata redio. Siku ulizopiga simu ndizo hizo.

Mimi nikasema moyoni, ni uzito wa mashine tu. Nikamwita fundi mmoja mwanamke, ana kibanda mtaa wa pili, watu wanamwita Bi Nyaya. Alikuja na bisibisi na brashi ya kupakia rangi, akaiwasha, akakunja uso.

"Dada, hii haijafa. Imevimbiwa."

Nakuandikia alichofanya ili na wewe ufanye kwa hiyo yako unayoilalamikia, maana sehemu kubwa ungeweza peke yako. Kwanza aliuliza huwa tunaizimaje. Nikamwambia tunachomoa waya. Alinitazama mpaka nikaona aibu. "Msichomoe tena. Izimeni kwa kuiamuru yenyewe, iagane na kazi zake."

Halafu alifungua orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Zilikuwa kumi na tisa! Kila moja inataka kuamka kwanza, ndiyo maana hakuna inayoamka. Akaacha tatu tu. Walinzi wa kuzuia virusi walikuwa wawili, wanakabana koo wenyewe kwa wenyewe, akamfukuza mmoja. Michezo yako ya magari nayo imekwenda, samahani sana. Akatuonyesha kwamba faili tunazofuta bado zilikuwa zimejaa kwenye kapu la taka, hakuna aliyewahi kulimwaga. Na video ya harusi yako ilikuwemo mara nne, ileile! Moja nimeihamishia kwenye diski ya nje, mwambie wifi asije akanigombeza.

Mwisho akalifungua sanduku lenyewe. Mdogo wangu, vumbi lilikuwa nene kama pamba, na katikati ya feni nyuzi za cherehani yangu za rangi zote. Feni ilikuwa haizunguki, mashine inachemka, na ikichemka inajipunguzia mwendo isiungue. Alisafisha kwa brashi taratibu, umeme ukiwa umezimwa. Cherehani sasa nimeihamishia upande wa mlango. Tangu siku hiyo kompyuta inawaka kabla chai haijapoa.

Kisha akaanza kumpangia Baba. Herufi akazikuza mpaka Mama anazisoma akiwa kitandani. Kishale akakifanya kikubwa na cheusi, akakipunguza mbio. Kipanya kikahamia kushoto, vitufe vyake vikabadilishana kazi. Na kile kitufe cha herufi kubwa, ambacho lazima ukishikilie huku unabonyeza kingine, akakipanga ukikibonyeza mara moja kinakusubiri. Mkono mmoja unatosha. Ile picha yako ya maporomoko ya maji akaiondoa, akaweka rangi tupu ya kijivu, na juu yake alama mbili tu: ya kuandikia na ya redio.

Nikamleta Baba. Akabonyeza, herufi ikatokea papo hapo. Akashtuka, akaendelea. Aliandika mistari miwili bila kupumzika, na mimi nikaanza kutabasamu. Mara mkono ukasimama. Akaitazama skrini, na uso wake ukaanguka palepale. Akaanza kufuta.

"Mzee, mbona unafuta?" Bi Nyaya akamwuliza. "Umeandika sawasawa."

Baba akanyoosha kidole kwenye skrini. Chini ya kila neno kulikuwa na kistari chekundu. Mimi vistari hivyo nimeviona miaka na miaka, nimevizoea kama nyufa za ukutani. Lakini Baba, mdogo wangu! Kazini kwake kistari chekundu maana yake ni kosa, na aliyekuwa akikichora ni yeye. Sasa anaandika neno alilolijua tangu akiwa na miaka saba, anaambiwa umekosea. Anaandika jingine, umekosea. Kila neno. Akaamini kiharusi kimemla na akili.

Bi Nyaya alielewa kabla yangu. Akapiga magoti karibu na kiti.

"Mzee, nisikilize. Wewe hujakosea. Mashine hii haijui Kiswahili, imepangwa isome Kiingereza. Hata jina langu ikiliona inalipigia mstari."

Akaingia kwenye mipangilio, akaondoa alama moja ndogo. Vistari vyote vikatoweka kwa mpigo.

Baba akaivuta kibodi karibu. Kisha akaandika, herufi moja moja: Nilidhani ni mimi.

Mama akayasoma, akaketi juu ya vitambaa vyangu vilivyokwisha kupigwa pasi. Mimi nikatoka nje kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi.

Siku ya pili yake nilimwuliza kuhusu simu zako. Akaandika kwamba hakutaka umsikie anavyogugumia, kwa sababu anakujua: ungeacha kazi siku hiyohiyo ukapanda gari kurudi. Basi hilo ndilo jibu lako. Alikuwa anakukinga.

Kwa hiyo mpya usinunue. Hiyo yako isafishe, na ukiandika Kiswahili zima hivyo vistari au uiwekee lugha yetu, usije ukatia shaka bure. Tena simu kwa sasa mpigie Mama. Baba mwandikie. Usimwandikie maneno mawili kama ya kuagiza sabuni, mweleze kazi, mweleze watoto, mwulize mambo ambayo yeye tu ndiye anayeyajua.

Unisalimie wifi yangu, mapacha muwabusu mashavu yote manne, na jirani yenu mwuguzi aliyetupa moyo wakati ule mwambie shangazi wa watoto hajamsahau. Mama anakusalimu, anasema kula vizuri. Mungu akulinde kazini na njiani, nyumba yako isikose kicheko.

Neno moja nililibakiza. Jana asubuhi Baba alikaa dirishani tangu chai mpaka saa sita, akakuandikia kurasa mbili. Mimi sikuzisoma. Nilimwonyesha tu kitufe cha kutuma, akakibonyeza mwenyewe. Fungua barua pepe yako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Fundi Cherehani